Kuhara, Malaria, Presha na Kisukari: Ni Kazi Gani ya Mwili Inayovurugika?

Ukifika katika zahanati yoyote ya Kaunti ya Kilifi, iwe Rabai au Magarini, mhudumu atakuuliza kwanza unahisi nini. Wengi wetu hujibu, "Mwili mzima waniuma." Jibu hilo si la uongo, lakini mwili hauharibiki wote kwa wakati mmoja. Mara nyingi huwa kuna kazi moja ya ndani iliyokwama, kisha nyingine zikayumba kwa sababu yake. Mtoto anayehara anapoteza maji na chumvi haraka kuliko anavyoweza kuvirudisha. Mwenye malaria, chembe zake za damu zinapasuliwa. Mwenye presha, mishipa yake inasukumwa kwa nguvu isiyoiweza. Mwenye kisukari ana chakula tele ndani ya damu, na bado mwili wake una njaa.

Tunaandika haya kwa sababu wapo wagonjwa wanaorudi hospitalini wakiwa wamezidiwa ilhali dawa walipewa. Homa ilishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki vikawekwa kabatini. Kichwa kiliacha kuuma, dawa za presha zikasahauliwa. Mama aliona ORS haikatizi kuhara, akaimwaga. Hakuna mzembe hapo. Kila mmoja alipima ugonjwa kwa maumivu, na alipoona yamepungua, au hayajapungua, akaamua. Lakini maumivu na uharibifu ni vitu viwili tofauti, na katika magonjwa haya manne tofauti hiyo ndiyo inayoua.

Mwili ukiwa sawa

Mtu mwenye afya hana habari ya kazi inayofanyika ndani yake. Joto lake hukaa karibu nyuzi 37, awe kwenye jua kali la Februari au kwenye upepo wa kusi. Kabla ya kula, sukari katika damu huwa takriban kati ya 4 na 6 kwenye mashine ya kupimia. Figo zake huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, kisha hurudisha karibu yote na kutoa mkojo wa lita moja na nusu hivi. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na kwa mtoto mchanga maji hukaribia robo tatu.

Vipimo hivi hupanda na kushuka kidogo, na mwili huvirudisha mahali pake. Ukinywa maji mengi, unakojoa. Ukipata joto, unatoka jasho. Ugonjwa ni pale kitu kinapozuia marekebisho hayo, au kinapoharibu kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza.

Kuhara: maji yanayokataa kurudi

Watu wengi hudhani kwamba maji ya mtu anayehara ni yale aliyokunywa. Ndiyo maana bado kuna nyumba ambako mtoto anayehara hunyimwa maji "ili tumbo likauke". Hesabu ya utumbo ni nyingine kabisa. Kwa mtu mzima, lita 8 hadi 9 za majimaji hupita katika utumbo mwembamba kila siku. Alizokunywa ni kama lita 2 tu. Zilizobaki zinatoka mwilini mwake mwenyewe: mate, maji ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho, yote yakimiminwa ili kuyeyusha chakula. Baada ya kazi hiyo, utumbo huyafyonza yakarudi katika damu, na yanayotoka na choo hayafiki hata kikombe kimoja cha chai.

Mdudu wa kuhara huvuruga kazi hiyo ya kurudisha. Wapo wanaochubua ukuta wa utumbo usiweze kufyonza. Mdudu wa kipindupindu hufanya jambo lenye hila zaidi: haubomoi ukuta, bali hutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi ndani ya utumbo bila kukoma, na chumvi inapokwenda maji huifuata. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Choo chake hufanana na maji yaliyooshea mchele. Damu hupungua maji na kuwa nzito, presha inaanguka, figo zinaacha kutoa mkojo, na moyo unadunda mbio ukisukuma kidogo kilichobaki. Mtu anaweza kuwa mzima asubuhi na akafariki jioni. Hakuna kiungo kilichooza ndani yake. Ameishiwa na maji na chumvi, basi.

Kumnyima maji, kwa hiyo, ni kuusaidia ugonjwa.

Swali linalofuata ni zuri, na akina mama huliuliza: kama utumbo umekataa kufyonza, maji ya kunywa yatafaa nini? Jibu lake ni mojawapo ya mambo muhimu zaidi yaliyogunduliwa katika tiba katika karne iliyopita. Utumbo una zaidi ya mlango mmoja wa kuingizia chumvi. Mdudu huvuruga mmoja, lakini upo mwingine ambao hubaki ukifanya kazi hata kwenye kipindupindu. Mlango huo hufunguka tu pale chumvi na sukari zinapofika pamoja. Zikipita, maji hupita nazo. Maji matupu hayaufungui vizuri. Chumvi peke yake hapana. Sukari nyingi kupita kiasi, kama ile ya soda, huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni na kuzidisha kuhara.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Dripu zilipoisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza watu wanyweshwe maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, na kazi ya kunywesha ikafanywa na ndugu wa wagonjwa wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS unayopewa leo zahanati ni mchanganyiko huo huo, ukiwa umerekebishwa vipimo vyake.

Ieleweke basi kazi ya ORS ni ipi. Hairudishi choo kuwa kigumu siku hiyo hiyo. Mtoto anaweza kuendelea kuhara siku mbili tatu huku akipona, mradi kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Mama akiitazama ORS kama dawa ya kufunga tumbo ataiona ya bure. Akiitazama kama maji ya kujaza mtungi unaovuja, ataendelea kunywesha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha uendelee taratibu zaidi. Soma pakiti kabla ya kuchanganya kwa sababu zipo za nusu lita na za lita moja. Ukipunguza maji chumvi itazidi, ukiyazidisha haitafaa kitu. Kama pakiti haipo karibu, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitakufikisha zahanati. Maji ya dafu ni kinywaji kizuri na yana potasiamu, lakini chumvi ya sodiamu ndani yake ni kidogo, kwa hiyo yasichukue nafasi ya ORS.

Pamoja na ORS mtoto hupewa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Hivyo hujenga upya ukuta wa utumbo, ndiyo maana humezwa hata baada ya kuhara kukoma. Na anyonye, ale kama kawaida.

Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiivuta inachelewa kurudi, mtoto akilegea au akishindwa kunywa, mlango wa kinywa hautoshi tena. Hapo ni dripu, na ni hospitali, sasa hivi.

Malaria: damu inayopasuliwa kila baada ya saa 48

Mbu jike wa anofelesi akikuuma usiku wa leo, hutashikwa na homa kesho. Vimelea alivyokuachia hukimbilia kwenye ini ndani ya muda usiozidi saa moja hivi, vikajificha humo karibu wiki nzima vikizaana. Wakati huo huhisi lolote. Vikitoka kwenye ini huingia katika chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Kwa kawaida homa huonekana siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa. Anayesema "nimeshikwa na malaria kwa sababu ya mvua ya jana" anailaumu mvua isiyohusika. Angetazama ya wiki mbili zilizopita, na chandarua alichokitundika au kukiacha.

Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa safi kutoka kwenye mapafu kwenda kila pembe ya mwili. Kimelea huingia ndani ya chembe, hula kile kinachoipa damu rangi nyekundu, na huzaana. Baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya, mara nyingi kati ya 8 na 32, kila kimoja kikitafuta chembe yake. Uchafu unaomwagika wakati wa kupasuka ndio unaouamsha mwili kuwasha homa na kutetemeka. Homa hiyo ni kelele ya mapambano. Kimelea chenyewe hakionekani wala hakiguswi na dawa ya kupunguza homa. Panadol itashusha joto na kukupa nafuu huku chembe zikiendelea kupasuliwa.

Piga hesabu: kimelea kimoja kikizaa 16, na kila kimoja kati ya hivyo kikizaa 16, kwa mizunguko mitatu tu, yaani siku sita, vitakuwa 4,096. Ndiyo sababu tunasema mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo au ya pili yake. Na ndiyo sababu dawa ya AL hupewa kwa dozi sita za siku tatu. Sehemu moja ya dawa hiyo huua vimelea vingi kwa haraka sana, kisha huisha mwilini baada ya saa chache. Sehemu ya pili ni ya polepole, nayo hubaki kuwasaka waliosalia. Mgonjwa hupata nafuu kwa kazi ya sehemu ya kwanza. Akiacha hapo, anawaachia waliosalia nafasi ya kuanza mzunguko mwingine. Dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta: maziwa, mchuzi wa nazi, karanga, au mtoto anyonye mara tu baada ya kumeza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo katika vijiji vyetu limegharimu maisha ya watoto.

Chembe zilizovamiwa na vimelea hunata. Hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo kabisa na kuiziba. Ikizibwa mishipa ya ubongo, na hapo hapo sukari ya damu ikashuka (vimelea huitumia sukari kwa wingi, na mtoto mgonjwa hali), mtoto hugeuza macho, hukakamaa, hutetemeka mikono na miguu, kisha huzimia. Wazee waliiona hali hiyo na wakaipa jina: dege, degedege, wengine nyuni, wakisema ni ndege aliyempitia mtoto. Waliiona sawasawa, kwamba inakuja ghafla, na kwamba inapenda watoto wadogo, ni kweli. Kilichokosekana ni kuona ndani ya mshipa. Tatizo la kuanzia kwa mganga halihusu heshima kwa mila. Ni saa zinazopotea. Ubongo uliokosa hewa na sukari hausubiri, na mtoto aliyenusurika kwa kuchelewa anaweza kubaki na kifafa, au ugumu wa kusema na kujifunza.

Si kila degedege ni malaria ya ubongo. Watoto wengine hutetemeka kwa sababu ya homa ya kawaida na huamka wakiwa wazima. Lakini nyumbani huwezi kutofautisha, kwa hiyo kila degedege ni safari ya hospitali. Mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe kitu akiwa hajitambui. Akizinduka na anaweza kumeza, mnyonyeshe au mpe maji yenye sukari mkiwa njiani.

Upungufu wa damu huja kwa utulivu zaidi kuliko degedege, na huua vilevile. Tazama viganja vya mtoto ukivilinganisha na vyako. Vikiwa vyeupe, na anapumua kwa haraka ilhali hana kikohozi, huenda anakosa wabebaji wa hewa katika damu. Kwa mama mjamzito, vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumpunguzia mtoto chakula. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo ingawa mama hakuwahi kujihisi mgonjwa. Vidonge vya SP anavyopewa kliniki kuanzia mwezi wa nne wa mimba ni vya kuzuia hilo. Hupewa hata asiye na homa, kwa sababu homa siyo kipimo.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa Pwani. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Alikuwa ameona kuwa hali hiyo ipo zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na ni nadra nyanda za juu. Kituo cha utafiti cha KEMRI hapa mjini Kilifi, kilichoanza mwaka 1989, kimeendelea kuchunguza uhusiano huo. Lakini aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa wenyewe wa selimundu, na kwake malaria ni hatari mno. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto anayevimba vidole au kuumwa mifupa mara kwa mara, mpelekeni apimwe damu. Si kazi ya mtu.

Presha: ugonjwa usio na sauti

Kuhara na malaria hupiga kelele. Presha hainong'oni hata kidogo. Utasikia mtu barazani akisema, "Presha yangu naijua, ikipanda kisogo huniuma." Anajidanganya. Mtu anaweza kuishi na presha ya 180 kwa 110 miaka mingi, akilima, akivua, akicheza bao, bila dalili yoyote.

Kinachoharibika ni mishipa. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa: namba ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni unapopumzika. Ikipimwa kwa siku tofauti na kubaki 140 kwa 90 au zaidi, huo ni ugonjwa. Kuta zinazosukumwa hivyo mchana na usiku hujilinda kwa kuwa nene na ngumu, na njia ya damu huwa nyembamba. Moyo nao hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, misuli yake inanenepa, mwishowe unachoka. Mishipa midogo ya figo hupata makovu. Figo zikidhoofika hushindwa kutoa chumvi na maji ya ziada, na chumvi ikibaki presha hupanda tena. Duara hilo likishafungwa ni vigumu kulifungua, na wanaofika mwisho wake ni wale wanaohitaji kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Kwenye ubongo, mshipa huziba au hupasuka: hicho ndicho kiharusi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika ghafla, usingoje kuche.

Dawa ya presha haitibu kitu unachokihisi, ndiyo maana ni ngumu kuizoea. Inazuia kuta zisiendelee kuharibiwa. Presha ikisoma vizuri, ni dawa inayofanya kazi, na si ruhusa ya kuiacha. Ukiiacha itapanda tena bila kukuaga. Kama vidonge vinakuletea kikohozi, kuvimba miguu au upungufu wa nguvu za kiume, mwambie mhudumu. Zipo aina kadhaa na hubadilishwa. Wanaume wengi huacha kimyakimya kwa hilo la mwisho, kisha wake zao ndio wanaotueleza, baada ya kiharusi.

Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku, ukihesabu yote: ya kwenye mboga, ya kwenye mchuzi wa pakiti, na ile ya papa mkavu na ng'onda. Samaki wa chumvi akilowekwa na kumwagwa maji mara mbili tatu hupungua makali, ingawa hawi kama samaki mbichi. Chumvi ya kuongezea mezani ingeondolewa tu mezani.

Kisukari: chakula kipo, mlango umefungwa

Sima, wali wa nazi, muhogo, mahamri na chai ya sukari, vyote mwishowe hugeuka sukari ndani ya damu. Si sukari ya bakuli peke yake. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu iingie kwenye seli ikawe nguvu, kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo. Kuna watu, wengi wao watoto na vijana, ambao kongosho lao limeacha kabisa kutoa ufunguo huo. Kuna wengine, ambao ndio wengi zaidi, walio na ufunguo lakini kufuli limekuwa gumu, hasa kwa unene wa tumbo, umri, kurithi na mwili usiofanyishwa kazi.

Dalili zote zinafuata kutoka hapo. Sukari ikijaa kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote na huimwaga kwenye mkojo; sukari huvuta maji; mtu anakojoa mara kwa mara, anapata kiu isiyokatika, na sisimizi hukusanyika penye mkojo wake. Seli zina njaa, kwa hiyo mwili unachoma mafuta na misuli yake wenyewe, naye anakonda huku akila vizuri. Kwa mtoto asiye na insulini, kuchoma huko huzalisha asidi nyingi. Hutapika, huumwa na tumbo, hupumua kwa kasi na kwa kina, na mara nyingi hudhaniwa ana malaria au kichomi. Mtoto anayetapika ambaye amekuwa akinywa maji na kukojoa kupita kiasi apimwe sukari pamoja na malaria. Tone moja la damu linatosha.

Kwa mtu mzima madhara huja polepole, kwenye mishipa midogo na ya fahamu: macho, figo, miguu. Wa mguu ndio tunaowaona wakiwa wamechelewa zaidi. Mishipa ya fahamu ikifa nyayoni, mtu hukanyaga msumari au kuungua asihisi. Kidonda hakimuumi, kwa hiyo hakiogopi. Damu haifiki vizuri, sukari inawalisha wadudu, na wiki chache baadaye mjadala ni wa kukata. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, hata kwa kioo, asitembee peku, na asiote miguu motoni. Kidonda kisicho na maumivu, kwake, ni sababu ya kwenda zahanati siku hiyo hiyo.

Pa kupimwa

Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zetu wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Akibisha hodi, mkubali akupime hata kama hujihisi mgonjwa. Asiye mgonjwa ndiye hasa anayetafutwa. Kabla ya kupimwa presha kaa umetulia dakika tano, miguu ikiwa sakafuni, na iwe imepita nusu saa tangu kahawa chungu au sigara. Kwa kipimo cha sukari cha asubuhi, njoo hujala wala kunywa chai.

Huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi kwa yeyote aliyejisajili na SHA. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kwa kwenda kituoni na kitambulisho. Ukija, beba dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba, na daftari la kliniki. Ukiwa umeacha dawa, sema umeacha na tangu lini, ili usiongezewe nyingine kwa kudhaniwa kwamba za kwanza zimeshindwa.